Baridi Haitengenezwi

Hermosillo, mwezi Juni, saa nane mchana.
Lami inanata viatuni. Mbwa wa jirani
kajilaza ndani ya karai la kufulia.
Friji ya Bi Refugio imezimika tangu alfajiri,
naye ni mtu wa insulini.

Fundi Evaristo hakugusa zana.
Aliomba pamba, akaomba spiriti,
akampaka mama mkononi.
"Unasikia nini?"
"Baridi."
"Na barafu iko wapi?"
Mama akautazama mkono kama wa mtu mwingine.

"Spiriti inataka kuwa mvuke," akasema fundi,
"na safari hiyo si ya bure.
Nauli yake ni joto. Imekutoza wewe."

Kisha akaivuta friji, ikakwaruza sakafu,
akanionyesha, mimi mwanagenzi wake, mgongo wenye vumbi:
bomba jembamba, limekunjwakunjwa kama utumbo.
Humo kinazunguka kimiminika chepesi wa hasira,
hakingoji moto ili kichemke.
Kikishapenya njia nyembamba kama tundu la sindano
kinapata nafasi, presha inashuka, kinachemka
papo hapo, pembeni ya maziwa,
na nauli kinaitoza nyanya,
kinaitoza jibini,
kinatoka na joto lao mfukoni.

Chini kuna kompresa, kopo nene jeusi.
Inaukamata ule mvuke, inaukaba,
inaubana hadi uwe moto kuliko mchana.

"Kwa nini moto, fundi, na sisi tunataka baridi?"

"Yadira, joto ni kama maji,
halipandi mlima bila kusukumwa.
Huko nje ni nyuzi arobaini na tano.
Linyanyue juu ya Juni,
litateremka lenyewe."
Likishateremka, mvuke unarudi kuwa kimiminika,
na safari inaanza upya.

"Basi nikiuacha mlango wazi," akasema mama,
"jiko lote litapoa."
Evaristo akacheka mpaka akakohoa.
"Litazidi kuwa tanuri! Unatoa joto mbele,
unalimwaga nyuma, chumba kile kile,
na mbebaji naye anatoka jasho."

Kosa lenyewe lilikuwa dogo: relei,
imeungua, inanuka kama nywele.
Akabadilisha. Friji ikatetemeka, ikaguna.

"Leta sasa insulini."
Mama akatoka uani, akarudi na chungu
kilichofunikwa gunia bichi, linalochuruzika.
Mle ndani, juu ya mchanga uliolowa,
vichupa vinne, vimepoa.
"Mama yangu alihifadhi siagi hivi," akasema.
"Sikujua kwamba ni nauli."

Fundi hakujibu. Alijifuta mikono,
muda mrefu kuliko uchafu ulivyohitaji.

Nami nikaweka kiganja nyuma ya friji:
vuguvugu, halafu moto.
Lilikuwa joto la nyanya,
likienda zake.