Kufuli Tatu

Miaka ishirini na saba Mwalimu Nabintu
alipanda ngazi za Kadutu, chaki mfukoni,
kutufunza sisi wazee wa kanisa
jambo tunalolipita mbio tukisoma Matendo:
sanduku moja la sadaka, kufuli tatu,
funguo kwa watu watatu wasiokula sahani moja.

"Kiongozi si yule anayeomba kwa sauti," alisema.
"Ni yule ambaye akihama, daftari lake linasomeka."

Tulicheka. Mvua ikapiga mabati, umeme ukakatika,
naye akaendelea kufundisha,
kana kwamba giza nalo limejiandikisha.

Jumapili iliyopita alikuja, goti bovu, amestaafu.
Mjukuu amelazwa Panzi.
"Cirhuza, nifungulie. Nitarudisha Jumatano."

Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Mmoja tu.
Nikasema, ulimi mzito:
Mwalimu, zile mbili ziko Bagira.

Alinitazama kitambo.
Kisha akacheka, machozi yakimtoka,
mpaka akashika ukuta.

Nikatoa faranga zangu za mkate, hazikutosha dawa.
Nikamshika mkono, tukashuka,
ngazi moja, tunapumzika, ngazi nyingine,
kuwatafuta wale wawili.