Herufi P

Mara ya kwanza namba yangu ilianza na S.
Matokeo yalitoka saa tano asubuhi.
Tulijibana dukani kwa Masalu, Igoma,
wasichana sita, simu moja yenye ufa,
bando la mia tano.
Kemia F. Fizikia F. Hisabati F.
Kiswahili C, imesimama peke yake
kama mgeni aliyekosea msiba.

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga.
Alikung'uta kanga, akauliza kama maji yamechotwa.
Baba mdogo Lugata ndiye aliyesema, tena kwa upole,
upole wa mtu anayefunga mlango usiku:
"Si kila mbegu ni ya shamba, mwanangu.
Nyingine ni za kukaanga."

Nikaenda kwenye mapanki.
Kama wewe si wa huku: sangara akiingia kiwandani
minofu yake hupanda ndege,
na kinachobaki, kichwa, mgongo, mkia,
hurudi kwetu kwa ndoo.
Miezi kumi na minne, nje ya geti, Igogo,
mimi na mizani yenye kutu
tukipima mifupa ya samaki
ambaye nyama yake hatukuiona.
Ila mchuzi wake, ukijua kuchemsha,
watoto hulamba sahani.

Bi Kalunde alikuwa mteja wa kila siku.
"Kilo tatu na robo," akasema, "kwa mia nane."
"Elfu mbili na mia sita," nikasema,
mkono bado uko ndani ya ndoo.
Akanitazama.
"Na hesabu ulipata ngapi?"
Nikamwambia.
"Nani alisahihisha? Mbuzi?"
Akalipa, akaondoka. Hakuongeza neno.
Nilicheka peke yangu hadi ndoo ikaisha,
kisha, sijui kwa nini, nikalia.

Namba ya pili ilianza na P.
Wanasema ni ya watahiniwa wa kujitegemea.
Mimi niliisoma: peke yangu.
Lakini Mabatini, kwenye chumba cha kupanga,
tulikuwa P thelathini na moja.
Jirani yangu, dereva wa bodaboda, miaka thelathini na minne,
alisoma helmeti ikiwa magotini,
na simu ya abiria ikiita aliizima
kama mtu anayeua mbu.
Maabara hatukuwa nayo.
Mwalimu Bwire alikuja na ndimu, majivu, chupa tatu za soda,
akasema, "Anzeni na mnachokijua."
Nilikaa dirishani kwa sababu ya harufu yangu.
Wiki ya pili yule wa bodaboda akasogeza benchi lake
hadi dirishani.

Nyumbani umeme ulikatika tulivyozoea.
Nilipanda juu ya jiwe nyuma ya choo,
jiwe letu la Mwanza, kubwa kuliko nyumba,
ambalo hutunza jua mgongoni hadi saa tatu usiku.
Nikalala kifudifudi na tochi mdomoni,
tumbo linapata joto,
jedwali la elementi linapata mate.

Kemia C. Bailojia C. Fizikia D.
Hisabati F. Bado.
Miezi yote ile pale getini
hakuna aliyewahi kuja kununua x.

Leo niko steshenari, Buzuruga.
Chuo cha maabara, ngazi ya cheti.
Kijana wa kompyuta ananinong'oneza,
"Dada, huu mwaka wa zamani tuufiche?"
Namtazama kama Bi Kalunde alivyonitazama.
"Andika yote miwili.
Anza na ule wa S."

Sijui kama watanichukua.
Majibu ni mwezi wa tisa, na mwezi wa tisa uko mbali.
Najua tu kwamba namba ya malipo imetoka,
na kwamba wakala wa dirisha la pili
amezipokea noti zangu, amezinusa,
amekunja uso, amezihesabu mara mbili
chini ya taa.

"Zimetimia," amesema.