Friji la Mangi Kilawe

Tap.
Hapo tena. Ndeshukurwa anaimba "nakumbuka"
na mashine inameza m:
naku—buka.
Tukarudia, ikameza kwingine.
Mara tisa. Koo lake sasa linaomba maji.

Chumba chetu Kiboriloni, nyuma ya fundi viatu,
kuta tumezivika magodoro ya mitumba.
Programu ni ya bure, kazi ya watu nisiowajua
waliopika wakaacha chungu wazi: jipakulie,
ila ukikuta mchanga, chambua mwenyewe.

Nikachambua.
Bafa ilikuwa mia na ishirini na nane. Nikaipandisha,
nikaipandisha tena, hadi sauti ikamrudia masikioni
imechelewa kama mgeni wa harusi aliyetoka Rombo na mvua.
"Najisikia niko wawili," akasema. Nikashusha kidogo.
Kadi ya sauti inahesabu elfu arobaini na nane kwa sekunde,
programu elfu arobaini na nne na mia moja:
wapiga ngoma wawili, kila mmoja na mguu wake. Nikawapatanisha.
Nikazima waifai. Nikaiambia prosesa
isisinzie kuokoa umeme, leo hatuokoi kitu.
Mikwaruzo ikapungua, ikaisha,
unga umepita kwenye chekecheke.

Tap.

Nikatukana. Nikawalaani wale wapishi wasio na sura,
nikabadili waya, nikabadili tundu,
nikaanza kuandika muda kwenye boksi la viatu:
saa nne na dakika tatu. Na kumi na nne. Na ishirini na tano.
Kumi na moja, kumi na moja.
Kosa gani la programu linashika saa namna hii?

Ndeshukurwa ndiye aliyesikia, sikio ukutani:
"Huku kunanguruma."
Ng'ambo ya matofali, duka la Mangi Kilawe,
friji la soda linashtuka usingizini
na kuvuta umeme kama ndama avutavyo titi,
na sisi, tulio naye waya mmoja, tunakosa pumzi.

"Nizime friji? Jumamosi? Jua hili?"
Mchawi mpe mtoto akulelee:
nikamvika vipokea sauti, nikampa kazi ya kusikiliza.
Akasikia naku—buka. Akasikia tap.
Akageuka kuelekea dukani kwake
kama mzazi aliyeitwa shuleni.
"Dakika ishirini," akasema. "Zikipata moto, mnanunua."

Tukaupata ubeti. M ilikuwepo nzima,
midomo imefungwa, pumzi inapita puani,
hata sikuamini, nikairudia peke yake mara nne.
Kisha tukanywa tangawizi sita za uvuguvugu
na wapishi wangu nikawaomba radhi kimoyomoyo.

Siku hizi Kilawe hatusubiri.
Akituona tunafungua mlango, hugonga ukuta: nizime?
Kwa hiyo ubeti wa tatu, ukisikiliza kwa makini,
una tap mbili.
Hizo nimeziacha.