Yeo ni Ngapi

Miaka miwili, kila Alhamisi ya pili,
nilikwenda Malindi kwa Daktari Mwarandu
na kofia mfukoni, nusu imeshonwa.
Chumba chake kilikuwa na saa, zulia la kijani,
na sanduku la karatasi laini ambalo sikuligusa.
Alikaa nyuma ya meza, kalamu wima.
"Tuanzie utotoni," alisema.
Basi tukaanzia utotoni.

Nilimpa baba, fimbo yake na kikohozi chake.
Nilimpa mama akihesabu senti gizani.
Nilimpa chuo, mkeka, mwalimu,
hata paka wa jirani,
maana kimya chake daktari kilikuwa kirefu
na mimi huona haya kimya kikikaa bure.
Aliandika. Akageuza ukurasa. Akaandika.
"Na hilo lilikufanya ujisikie vipi?"
kwa Kiswahili kilichonyooka kama shuka la wodini.

Sikatai, alinipa kitu.
Kwake ndiko nilikojua kuwa baba aliniogopa.
Lakini nilirudi Amu nikilijua hilo
na bado sikuweza kuwasha jiko.
Aliwasha Mwanaesha, mlango umefungwa,
mimi nimesimama uchochoroni kama mdeni,
nikisikia makuti yakipasuka,
yale yale ya usiku ule,
paa la ndugu yangu Shee.
Habari hii nimeisimulia mara arubaini.
Ulimi unakwenda wenyewe, moyo uko sokoni.

Kisha hospitali yetu ikapata binti wa Langoni,
Sauda, raba miguuni, hana meza.
Kiti chake kilikuwa kando ya changu,
kama watu wawili wanaomngoja kinyozi.
Nikafungua mdomo: Baba yangu...
"Ngoja. Usinambie kwanda.
Kinakaa wapi?"
Nini?
"Hicho. Mwilini. Kinakaa wapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza anwani yake.
Nikatafuta. Chini ya mbavu, kushoto,
ukubwa wa ndimu, kikavu.
"Toka sufuri hadi kumi, yeo ni ngapi?"
Tisa.
"Haya. Fuata kidole kwa mato."
Kulia, kushoto, kulia, kama anayefuta kioo.
Yeo, mato: maneno ya jikoni kwetu.
Nilikaribia kucheka. Mato, moto,
yametengwa na irabu moja tu,
na hapo hapo kwenye irabu nikalia.

Akanipa kazi ya nyumbani, mtu mzima mimi:
kiberiti chenye njiti nne.
Juma la kwanza kiweke mezani tu.
La pili kitikise. La tatu kinuse.
Mwanaesha alicheka mpaka akakaa chini:
"Nauli yote ile ya Malindi,
kumbe dawa iko dukani kwa Aboudi?"

Sijui kama ni dawa.
Ana haraka, binti huyu. Vikao kumi na viwili,
fomu, sahihi, mkono wa kwaheri,
kana kwamba msiba una tarehe ya mwisho
kama maziwa ya pakiti.
Mwarandu hajaniaga mpaka leo.
Na Shee mwenyewe, katika sufuri hadi kumi,
sijaona alipowekwa.

Jana baada ya alasiri nilitoka barazani,
kofia gotini, kiberiti kando.
Njiti ya kwanza niliivunja.
Ya pili ilizimwa na upepo, nikashukuru.
Ya tatu ikashika.
Nikaiangalia ikija, ikija, mpaka ukuchani.
"Sita!" nilisema, uchochoro mzima ukasikia.
Mtoto wa jirani akasimama na mkate wake:
"Sita za nini?"
"Tobo," nikamdanganya,
nikaokota sindano,
nikasahau nilikuwa nimefika la ngapi,
nikaanza safu upya.