Uzi Hauna Chama

Mwaka ule wa vyama vingi cherehani yangu haikulala.
Pale Mwanga, ubavuni mwa muuza mawese,
nilishona bendera za kila rangi,
na aliyelipa taslimu nilimpindia pindo mara mbili.
Soko huria, nikajisemea. Uzi hauna chama.

Bitegeko alikuja jioni, bado kavaa koti la bandari
ingawa bandari ilishampunguza.
Kupunguzwa: neno jipya, kama vile mtu ni moto wa jiko.
Miaka kumi na saba ya kupakua mizigo,
barua ya mistari mitatu, na jina lake limekosewa.
Sikuwahi kumsikia akipaza sauti.
Sasa mtu amempa spika, na betri za kuiwasha,
na sentensi moja ya kuanzia:
*Waliovuka ziwa ndio waliokula vyenu.*

Alitaka vitambaa vya kufunga mkononi, mia mbili, vyekundu,
na shati lake mwenyewe.
Nikazungusha futi. Kifua kimeongezeka inchi mbili tangu Idi,
na kwake najua hawapiki mchana.
"Mama yako alivuka mwaka gani?" nikauliza, pini mdomoni.
Akatazama dari.
"Wewe pima tu, fundi."
Nikapima.

Akaniachia karatasi ya oda. Nyuma yake majina,
na namba za nyumba, kwa kalamu ya risasi.
La tisa: Bilombele binti Asumani,
aliyenionyesha mimi, msichana wa Kasulu mwenye vidole vizito,
namna ya kulamba uzi kabla ya tundu la sindano.
Nikaikunja. Nikaiweka chini ya kopo la vifungo.
Ada za shule zilikuwa zimerudi, nami nina watatu.
Sisemi hivi ili kujitetea.
Labda nasema ili kujitetea.

Nilishona mia moja themanini na viwili, kitambaa kikaisha.
Nikajitanda kanga, nikashuka dukani nilikozoea kukatiwa jora,
jora linalovuka ziwa usiku, na hakuna asiyejua,
kwa Bilombele.
Mlangoni alama ya chaki. Kufuli linaning'inia kwa sikio moja.
Ndani mbao za rafu,
na ile harufu ya nguo ambayo haijafuliwa bado.

Vile kumi na vinane havijashonwa mpaka leo.
Malipo ya awali nilishayala.