Tundu Moja

Kabla ya chai, nahesabu matundu.
Naiinua sahani ya kioo dirishani,
Februari ya Tbilisi, mwanga wa rangi ya maji ya kufulia,
na juu ya zulia la bakteria natafuta palipoliwa:
vitundu angavu, kama sweta iliyotembelewa na nondo.
Miaka thelathini na mmoja
nahesabu kazi ya nondo nisiowaona.

Harusini shemeji yangu Gocha huniuliza, glasi ikiwa juu,
"Haya, mtaalamu, umegundua nini?"
na meza nzima hungoja nitaje kitu cha kunywea.
Nimegundua, Gocha,
kwamba maji machafu ya chini ya daraja
ya Jumatatu si ya Jumanne.
Kwamba mkono wangu wa kushoto hutetemeka
mirija ikipita arobaini.
Kwamba mwaka ule wa makala na shada la maua,
mwaka mliponibeba juu juu,
nilikuwa nimepima uchafu wa mrija wangu mwenyewe.
Kosa nililiandika kwa mkono wangu, aya tatu,
nikalipeleka kwenye jarida lile lile.
Maua hayakuja.
Usiku huo nililala usingizi wa mtu aliyelipa deni.

Haya siyasemi. Nasema, "Bado natafuta,"
nao wanakunywa hivyo hivyo.

Aliyenifundisha kuunguza waya motoni ni Lamara,
mwanamke mfupi, koti la kijivu, vifungo visivyofanana.
"Dhana ni mgeni," alikuwa akisema.
"Siku mbili mkaribishe. Ya tatu mpe jembe,
uone kama analima."
Zangu nyingi hazikulima.
Nyingine zilikula, zikalala, zikaondoka na mashuka.

Majira yale ya baridi umeme ulipokatika,
friji zikawa makabati tu,
Lamara alibeba chupa kifuani, chini ya koti,
kumi kumi, kwa miguu, hadi kwake ghorofa ya sita.
Akazipanga barazani ndani ya sanduku la kabichi,
akizifunika blanketi barafu ilipozidi,
akizifunua jua lilipofika.
Daftari lake ninalo.
*Januari tisa. Nyuzi mbili.
Otari amefariki alfajiri.
Chupa zote salama.*
Nimeisoma mistari hiyo mara nyingi
na sijui bado kama ni ukatili
au ndiyo njia pekee aliyoijua ya kulia.

Wiki iliyopita, tukihamisha friji kuukuu,
mwanafunzi wangu Tekle alitoa chupa iliyoganda nyuma kabisa:
namba mia na kumi na nne, mwandiko wa Lamara,
herufi zimelala upande kama watu wanaopanda mlima.
Hospitalini kuna fundi wa mapaa, umri miaka ishirini na sita,
mguu wake umezikataa dawa zote za dukani.
Tukaotesha wadudu wa kidonda chake,
tukawadondoshea tone la chupa ile,
tukafunga mlango, tukaenda nyumbani.
Mimi sikulala. Tekle anasema alilala; simwamini.

Na leo: tundu moja.
Moja, pembeni, dogo kuliko tembe ya mtama.
Tekle ameruka, ameshika mdomo kwa mikono yote miwili.
Ngoja, nikamwambia.
Tundu moja ni povu la hewa.
Ni chembe ya mate. Ni ukingo wa sahani.
Ni tamaa, nayo tamaa
hutoboa sahani yoyote ukiitazama sana.
Rudia mara tatu. Weka sahani isiyo na tone kando yake.
Andika saa, andika joto, andika "moja",
na alama ya kuuliza iandike kubwa.

Ameenda kuchemsha agari. Namsikia akiimba, akikosea maneno.
Chai imepoa.
Sahani nimeshaihesabu, hakuna cha kuhesabu tena,
nami nimesimama dirishani nimeishika,
naitazama mitaa ya mji
kupitia mahali palipoliwa.