Nusu Kikombe, Vadsø hadi Kirkenes

Kilomita thelathini na nane, ukilaza rula
juu ya maji ya ghuba.
Kwa gari ni mia moja sabini na tatu,
maana barabara haijui kuogelea:
huambaa ufuo hadi maji yanapokoma,
huomba njia, hupinda,
kisha hurudi ng'ambo ileile uliyokuwa ukiiona
tangu unatoka nyumbani.

Sisi twaruka. Dakika kumi na tano.
Ratiba ndiyo isemayo, na msemaji wake ni mimi,
Gunnvor, mhudumu pekee, viti thelathini na tisa,
abiria saba Jumatatu, Jumatano labda tisa.
Dakika nne za mwanzo pua ya ndege iko juu,
sita za mwisho imeinama,
na hizo tano za kati ni mali ya upepo.
Taa ya mkanda haizimwi.
Toroli la kahawa limefungwa ukutani;
kwenye njia hii sijawahi kulifungua,
magurudumu yameshika kutu kwa uvivu.

Ndege wa manyoya, shakwe wa pale ufukweni,
huvuka apendapo.
Ndege ya chuma huvuka ikiruhusiwa.

Eilert Mikkola, aliyekuwa fundi wa mapaa,
kiti cha nne, dirishani.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Figo zake zimeacha kazi bila notisi,
na mashine ya kumsafisha damu iko Kirkenes,
saa nne kila kikao.
Daktari amempimia maji ya siku kwa kibaba,
na katika kibaba hicho Eilert hutenga
nusu kikombe cha kahawa, kwenye chupa ya chai,
cha kunywewa angani tu.
"Kwa nini usinywe kwako?"
"Kwangu kuna jiko na mimi. Hapa,
chini yangu kote ni maji,
na yote nimekatazwa."

Lakini akifungua kifuniko, akanusa,
tayari magurudumu yanashuka, nami namwambia: funga.
Miaka mitatu nusu kikombe kimevuka ghuba
kikanywewa wima, kwenye korido ya hospitali,
kama dawa.

Ijumaa moja ya Februari ukungu uliiziba Kirkenes,
mnara wenyewe haukuona miguu yake.
Rubani akasema, tutazunguka kidogo.
Tukazunguka.
Mwalimu Torbjørg akasahihisha madaftari yote,
akaanza kuyasahihisha upya.
Kijana wa mitego ya kaa alitafuna kucha,
ya kidole gumba, kisha ya jirani yake.
Juu ya ukungu palikuwa na jua, jembamba,
limelala ubavu kama kipande cha limau,
na taa ya mkanda, jamani,
ikazimika.

Eilert hakunitazama.
Alimimina polepole, kama mtu anayejaza betri.
Akashika kikombe kwa mikono yote miwili.
Funda. Dirisha. Funda.
Nami, sijui kwa nini, nikalifungua lile toroli,
likapiga kelele njia nzima,
na hakuna aliyetaka kitu.

Dakika hamsini na mbili.
Kisha mafuta yakaamua, tukarudi tulikotoka.
Kitabuni niliandika: Kutoka, Vadsø. Kufika, Vadsø.
Kwenye safu ya umbali mkono ulisita,
nikaandika sifuri,
nikaifuta, nikaiandika tena.

Mashine haikungoja ukungu. Teksi iliitwa,
saa mbili na nusu kwa ile barabara isiyoogelea.
Mlangoni nikamuuliza, ilikuwaje?
Alikuwa anafuta kikombe kwa mkono wa sweta.
"Nilisahau sukari," akasema.
"Miaka mitatu nanusa, sikujua."

Theluji ikaanza tena, nyepesi.
Taa nyekundu za teksi zikashika njia ya magharibi,
ili zifike kusini.